Mizani kwanza, mimba baadaye

Maswali ya wasomaji. Wanaojibu ni wakunga na wataalamu wa lishe.

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tanga mjini na vitongoji vyake. Ukizisoma pamoja zinauliza jambo moja: mwanamke mnene anayetaka mtoto aanzie wapi, na aanze lini? La lini tunalijibu hapa hapa: aanze miezi mitatu kabla, akiweza sita. Kliniki ya wajawazito mara nyingi humpokea mama mimba ikiwa na wiki kumi na kitu, na wakati huo baadhi ya mambo tutakayoyaeleza yameshapita. Majina ya wasomaji tumeyaacha, mitaa tumeibakiza.

Shikamooni. Binti yangu ana miaka 24, anaolewa baada ya miezi mitatu. Ana kilo 76 na urefu wa sentimita 156. Karibu na harusi tutamweka ndani, somo wake, yaani kungwi, yupo tayari, na kwetu mwali hulishwa akanawiri. Nesi aliyempima presha kasema apunguze uzito kabla ya kubeba mimba. Wenzangu wanasema mwali akikonda watu watasema mgonjwa. Nifuate lipi? – Mama wa bibi harusi, Ngamiani

Shikamoo, mama yetu. Mfuate nesi, na somo naye abaki. Hawa wawili hawana ugomvi.

Tuanze na hesabu. Gawanya kilo zake kwa urefu wake wa mita, kisha jibu ligawanye tena kwa urefu ule ule: 76 kwa 1.56, halafu tena kwa 1.56. Unapata 31. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 uzito ni wa kawaida, 25 hadi 29.9 umezidi, na 30 kwenda juu ndiyo kiribatumbo. Mpime na kiuno. Futi ya fundi cherehani ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, usome akishatoa pumzi. Mwanamke akivuka sentimita 80 hatari imeanza kupanda, akivuka 88 imepanda sana. Mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara makubwa kuliko ya mapaja na makalio, kwa hiyo lile umbo linalosifiwa pwani, kiuno kimekatika na nyonga zimejaa, sisi hatuna neno nalo.

Mafuta ya tumboni hayakai kimya. Huufanya mwili uwe mzito kuisikia insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye misuli. Na mwili wa mjamzito yeyote huzidi kuwa mzito kwa insulini kadiri mimba inavyokua. Mizigo miwili ikikutana, sukari hupanda kwa mama, huvuka kondo la nyuma, mtoto hunenepa kupita kiasi, na siku ya uchungu kichwa hutoka mabega yakakwama. Kuna na presha, kifafa cha mimba, upasuaji, kidonda kuchelewa kufunga, na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Hatusemi yatampata yote, wala hata moja. Tunasema uwezekano hupanda uzito unapopanda, na hushuka nao.

La haraka kuliko yote si chakula, ni kidonge. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Yaani hedhi ikiwa imechelewa wiki mbili tu, kazi hiyo imekwisha. Usipojifunga sawasawa mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto wa mama wanene. Asidi ya foliki huipunguza. Mwanamke wa kawaida anayetafuta mtoto humeza mikrogramu 400 kwa siku. Kwa mwenye 30 kwenda juu kama binti yako, miongozo ya Uingereza ilikuwa ikitaka miligramu 5 kwa siku, lakini tangu 2025 mwongozo wa huko hautaki tena kiasi hicho kwa sababu ya uzito peke yake, hivyo daktari aamue; kwa vyovyote aanze angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Daktari akimwandikia hicho cha miligramu 5, ni kidonge kile kile wanachotumia wenye selimundu, hivyo dukani kipo. Kosa tunaloliona ni mtu kuchukua vidonge vya wajawazito vyenye chuma ndani, ambavyo foliki yake ni kidogo, akavimeza vingi ili afikishe kiasi. Hapo anajipakia chuma cha kumuumiza tumbo. Wanawali wengi hushika mimba miezi ya mwanzo ya ndoa, kwa hiyo kidonge kianze sasa, kisingoje fungate.

Sasa huko ndani. Mwali hunawiri kwa ngozi, si kwa kilo. Singo, liwa, fukizo, kulala mapema, kupumzika na jua, hayo yabaki kama yalivyo. Kinachobadilika ni sufuria na sinia.

Mililita 200 za tui zito zina nishati isiyopungua kilokalori 400, sawa na vikombe viwili vya wali mtupu. Hatumwambii aache nazi, kumnyima Mtanga nazi ni kumwonea. Kwa sufuria ya watu sita ikunwe nazi moja badala ya mbili. Wali pikia tui la pili, lile la kwanza liweke kwa ajili ya mboga, nalo lipimwe kwa kijiko. Siku ya wali wa nazi, samaki awe wa kuchemsha, wenye nyanya na ndimu. Siku ya samaki wa kupaka, wali uwe mweupe. Kinachoharibu ni nazi kwenye wali, nazi kwenye mbaazi na nazi kwenye kisamvu, zote mchana mmoja.

Sinia nalo lina shida yake: hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na mwali husogezewa mbele yake huku anaambiwa kula mwanangu, kula. Kwa miezi hii apakuliwe sahani yake peke yake. Nusu iwe mboga, mchicha, bamia, matembele, kachumbari. Robo iwe samaki, dagaa, kunde au maharage. Robo inayobaki ndiyo wali, bada (ugali wa muhogo) au mihogo, isizidi ngumi yake mwenyewe aliyoikunja. Asubuhi andazi moja na yai la kuchemsha humshibisha zaidi ya maandazi matatu na chai ya sukari. Soda ziondoke zote: chupa ya kola ya mililita 350 hubeba sukari karibu gramu 35, vijiko vya chai vinane hadi tisa, na tumbo halisikii kwamba limekula kitu.

Kwa vile hatoki nje, kamba ya kuruka uani au ngoma na wenzake, dakika 10 asubuhi, 10 alasiri, 10 usiku. Kipimo ni pumzi: aweze kuongea lakini asiweze kuimba.

Akipungua nusu kilo kwa wiki atafika harusini akiwa amepungua kilo nne hadi sita. Kilo nne ni asilimia 5 ya uzito wake. Ukumbini hakuna atakayeona amekonda, lakini sukari na presha vitaona.

Nina miaka 31, mwaka wa nne wa ndoa, sijawahi kushika mimba. Kilo 89, urefu sentimita 160. Hedhi naipata baada ya miezi miwili, mara nyingine mitatu. Kidevuni naota ndevu, na shingo nyuma imekuwa nyeusi, nasugua kwa ndimu na msio haitoki. Jirani amenipa vidonge vya kupevusha mayai alivyotumia yeye. Nimeze? – Dada wa Makorora

Usimeze, dada. Virudishe kwa upole. Vidonge hivyo huhitaji altrasaundi ya kuangalia mayai mangapi yanakua. Bila hiyo mtu huweza kupata mapacha watatu, au ovari zikavimba na tumbo likajaa maji. Na vingine humezwa bure kabisa kwa sababu tatizo liko kwa mume ambaye hajapimwa.

Acha kusugua shingo pia, unaiumiza ngozi bila sababu. Weusi ule wenye kugusika kama mahameli, shingoni, kwapani, chini ya matiti, si uchafu. Ni insulini iliyozidi kwenye damu ndiyo inayoifanya ngozi iwe nene. Shingo yako inakueleza hali ya ovari zako.

Iko hivi. Mwili usiposikia insulini, kongosho hutoa zaidi. Insulini ile nyingi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, ndipo ndevu na chunusi. Mayai huanza kukua yakakwama njiani, moja baada ya jingine. Mafuta nayo huzigeuza homoni nyingine kuwa za kike, ubongo ukadhani kazi imeshafanyika, ukaacha kutuma amri ya kupevusha. Yai lisipotoka hedhi haiji kwa wakati. Ukuta wa mfuko wa uzazi hukaa ukijijenga miezi miwili, mitatu, na siku ukibomoka damu huja nyingi, ya mabonge. Jambo hilo la mwisho wanawake hulinyamazia na halifai kunyamaziwa, kwa sababu ukuta ukijengeka miaka bila kubomoka waweza kuzaa saratani. Kama unakaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi, mwambie daktari hata kama hutafuti mtoto.

Uzito wako ukigawanywa ni karibu 35. Usiutazame mlima mzima. Kupungua asilimia 5 hadi 10, kwako kilo nne na nusu hadi tisa, huwarudishia wanawake wengi upevushaji bila dawa yoyote. Anza na chakula kama tulivyomweleza mama wa Ngamiani, na ongeza mwendo: dakika 150 kwa wiki, tano mara thelathini. Tanga ni tambarare na baiskeli ni chombo cha kila nyumba, nayo magoti huyahurumia kuliko kukimbia. Kutoka Makorora hadi Raskazone na kurudi ni zoezi tosha la siku. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, mizani ile ile, ukiwa na kanga tu. Kila siku usijipime. Maji na hedhi hupandisha na kushusha kilo moja au mbili, na watu wengi huvunjika moyo kwa kilo ambayo hata si mafuta.

Wakati huo huo nenda kwa daktari wa wanawake, hospitali ya Bombo au kwingine, maana miaka minne imeshazidi. Kwa aliye chini ya miaka 35 husubiriwa mwaka mmoja, akifika 35 miezi sita, na asiyepata hedhi kwa mpangilio hana haja ya kusubiri hata hiyo. Andika tarehe za hedhi zako za mwaka mzima uende nazo. Utapimwa ujauzito kwanza, usishangae, kisha sukari ya kufunga, homoni za tezi ya shingo, prolaktini, na altrasaundi. Ndipo zije dawa, metformini au letrozoli, kwa kiasi chako wewe.

Neno la tahadhari. Yai hutoka kabla ya hedhi, si baada. Mzunguko ukianza kujirekebisha unaweza kushika mimba kabla hujaiona hata hedhi moja ya mpangilio, na wewe umezoea kukaa miezi mitatu bila damu, hutashtuka. Kwa hiyo foliki ianze leo, na wiki sita zikipita bila hedhi pima mkojo.

Je, chai ya sanamaki inapunguza tumbo? Nimeinywa wiki mbili, nimepungua kilo mbili na nusu. – Chumbageni

Umepungua maji. Sanamaki huuchochea utumbo mpana, na chakula kikifika huko mafuta na sukari yake yameshanyonywa juu, kwenye utumbo mwembamba. Ukiacha, kilo hurudi ndani ya siku chache. Ukiendelea, unapoteza potasiamu, misuli inalegea na moyo unakwenda mbio, na utumbo huzoea kusukumwa. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kuhara sana huweza kuvitoa visifanye kazi.

Vidonge na kahawa za kupunguza mwili zinazouzwa mkononi bila orodha ya vilivyomo ni hatari zaidi. Baadhi ya bidhaa za namna hii duniani zimekutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kudhuru moyo. Na kama umeandikiwa sindano za kisasa za kupunguza uzito zenye semaglutidi, ziache angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba.

Mtoto wangu wa kwanza ana miaka miwili na nusu. Alizaliwa kwa upasuaji, kilo 4.6, na niliambiwa sukari imepanda kidogo, baada ya hapo sikupimwa tena. Sasa nina kilo 92, natumia losatani kwa presha, na nachoma sindano ya miezi mitatu. Nataka wa pili mwakani. – Mama wa Pongwe

Mama, barua yako ndiyo iliyotufanya tuitishe kikao, na tunafurahi umeandika kabla.

La kwanza ni losatani. Dawa hiyo, pamoja na kaptoprili, enalaprili na lisinoprili, huweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Usiiache mwenyewe, maana presha iliyoachwa wazi nayo inaua. Mwambie daktari wako maneno haya: "Nataka kubeba mimba mwakani, naomba nibadilishiwe dawa." Zipo zinazotumika kwa wajawazito, kama methildopa na nifedipini. Ubadilishiwe ukiwa bado kwenye uzazi wa mpango, upimwe wiki kadhaa kuona mpya inashika. Ukiwa unatumia dawa za kushusha lehemu, zitaje pia.

Ukipimwa presha angalia mkanda. Mkono wako wa juu ukizidi sentimita 34 kwa mzunguko, mkanda wa kawaida husoma juu kuliko ukweli. Omba mkubwa. Kaa dakika tano kwanza, miguu chini, mkono umelala mezani.

Sukari yako ilitakiwa ipimwe tena kati ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua, kwa sababu kisukari cha mimba huacha mlango wazi kwa kisukari cha kudumu. Pima sasa, asubuhi, ukiwa umekaa muda wa saa nane bila kula. Ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo cha pili kikakubali, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 unakikaribia. Ikiwa kisukari kipo, kifanyiwe na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, na lengo kabla ya mimba ni chini ya asilimia 6.5. Kikizidi 10, subiri kwanza, maana sukari ya kiwango hicho huharibu moyo na mgongo wa mtoto wiki zile zile ambazo mama hajajua kama ni mjamzito. Pima na wingi wa damu. Watu huona mtu mnene wakasema ana damu nyingi, kumbe wengi wao wana upungufu. Chini ya gramu 12 kwa desilita kwa asiye mjamzito ni upungufu, utibiwe kabla.

Sindano ya miezi mitatu hukulinda miezi mitatu, lakini uzazi huchelewa kurudi, kwa wastani miezi tisa hadi kumi tangu sindano ya mwisho. Ukitaka mimba mwakani, hesabu nyuma. Baadhi ya wanawake pia huongezeka uzito wakiitumia, hasa walioongezeka miezi sita ya mwanzo. Kitanzi cha shaba hakina homoni wala hakinenepeshi, na kikitolewa unaweza kushika mimba mwezi huo huo. Kwa mtu anayetaka muda wa kupungua halafu aamue mwenyewe siku, sisi tungechagua hicho.

Karatasi ya ruhusa ya upasuaji wa kwanza itafute leo, uiweke kwenye plastiki. Mkunga atataka kujua kwa nini ulipasuliwa na mfuko ulikatwa vipi, na kukumbuka kwa mdomo hakutoshi. Kujifungua kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji kunawezekana, ila uzito ukiwa juu nafasi hupungua, na upasuaji wenyewe huwa mgumu: ganzi ya mgongoni huchukua muda kupata mahali, na kidonda kilicho chini ya mkunjo wa tumbo hukaa na jasho kikaoza upesi.

Mimba ikishaingia, acha kupunguza uzito. Kwa mwenye 30 kwenda juu katika ile hesabu ya kilo na urefu, ongezeko linalokubalika ni kilo 5 hadi 9 mimba nzima. Hudhuria mapema, kabla ya wiki 12, useme habari ya presha, sukari na mtoto wa kilo 4.6. Hapo daktari ataamua kuhusu asprini ya dozi ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba, inayofanya kazi vizuri ikianza mapema.

Mke wangu ameambiwa apungue ili tupate mtoto. Mimi nina kilo 105. Unene wangu unahusika? – Baba, Duga

Unahusika, kaka. Mafuta ya mwanamume hugeuza homoni ya kiume kuwa ya kike, na mapaja yaliyobanana huzipasha korodani joto, nazo zimewekwa nje ya mwili kwa kutaka ubaridi. Mbegu hupungua na mwendo wake hudhoofu. Mbegu moja huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo ulichokula mwezi huu kitaonekana baada ya huo muda. Zaidi ya hapo, mke hawezi kupungua kwenye nyumba ambayo jioni inaingia mihogo ya kukaanga na soda mbili.

Kapime mbegu wakati mmoja na yeye. Usikutane naye siku mbili hadi saba kabla ya kipimo, usitumie kondomu ya kawaida kuchukulia kwa sababu mafuta yake huua mbegu, na kama unachukulia nyumbani kopo likae karibu na mwili lisipate baridi, lifike maabara ndani ya saa moja.